Kadi Nne, Watu Watano: Hesabu ya Mwanasayansi wa Kompyuta Anayelinda Seva

Wiki ina saa 168. Mwajiriwa wa ofisi hufanya 40. Gawanya, utapata 4.2: ili seva za utafiti ziwe na mtu macho usiku na mchana, wanahitajika wafanyakazi wanne na kipande. Halafu toa likizo ya siku 21 za kazi ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mwajiriwa, toa na sikukuu karibu 12 za mwaka. Saa 2,080 za mkataba zinashuka hadi 1,816, na mwaka una saa 8,760. Gawanya tena, 4.8. Hao ni watu watano, kabla hata mmoja wao hajaugua.

Idara nyingi za utafiti ninazozijua Nairobi zina mmoja. Mara nyingi ni mwanasayansi wa kompyuta aliyesomea utafiti, akapewa funguo za chumba cha seva kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na tangu siku hiyo simu yake haizimwi. Ninataka kumpigia hesabu mtu huyo: anagharimu nini kupatikana, anagharimu nini kubaki, na kazi yake inaokoa kiasi gani. Nina hakika ndiye mtaalamu anayelipwa pungufu kuliko wote katika sayansi yetu, na nambari zinaweza kulionyesha hilo vizuri kuliko malalamiko.

Kwa mkazi wa mtaa wa Muthangari jijini Nairobi, vituo karibu vyote vya safari ya kazi hii viko kwenye njia moja. Upande wa mjini kuna bewa la Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha kompyuta katika idara iliyotokana na taasisi ya mwaka 1977. Kando ya Barabara ya Waiyaki kuna Dunhill Towers, kilipo kituo cha wahandisi wa Microsoft, kilichozinduliwa Mei 2019 pamoja na cha Lagos kwa ahadi ya dola milioni 100 katika miaka mitano. Kuna makao makuu ya Safaricom. Kuna jengo la Mamlaka ya Mawasiliano, ambamo KENIC inasimamia majina ya intaneti yanayoishia na .ke. Kijana anayeshuka matatu Chiromo akiwa na miaka 19 anaweza kufanya kazi mpaka astaafu bila kuwahi kuuvuka mtaa wa Kangemi.

Waliotangulia hawakuwa na mpaka kati ya kutafiti na kusimamia mitambo. Jina la .ke liliposajiliwa mwaka 1993, aliyelisimamia kwa upande wa Kenya alikuwa Dkt Shem Ochuodho, mwanasayansi wa kompyuta aliyeingia bungeni baadaye. KENIC haikuwapo hadi 2002. Novemba 2000, watoa huduma wa intaneti wakiratibiwa na Brian Longwe walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini, ili barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Upper Hill isipitie Ulaya au Marekani kwanza. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na Desemba ya mwaka huohuo mdhibiti akakifunga. Kilirudi Februari 2002.

Kilichofuata kilipimwa. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilikuta kwamba data ya ndani, iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600 kwenda na kurudi, sasa ilichukua 2 hadi 10, na kwamba watoa huduma walikuwa wakiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Ripoti iliyofuata, ya 2020, ilikuta sehemu ya data inayobaki nchini imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70, mzigo wa kilele umetoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19, na akiba imefika dola milioni 6 kwa mwaka. Kama milisekunde hazikuambii kitu, chukua ukurasa unaohitaji maombi 50 yanayofuatana. Kwa milisekunde 400 kila ombi, mtu anasubiri sekunde 20. Kwa milisekunde 5, robo ya sekunde. Huko ndiko walikotoka watu kama Michuki Mwangi, aliyefanya kazi ya kiufundi KENIC na KIXP kabla ya kujiunga na Internet Society na kuwa mmoja wa sauti zinazosikika zaidi Afrika kuhusu vituo vya aina hiyo. Alianza kwa kusimamia mitambo. Utafiti ulizaliwa humo, kwa sababu anayeishi na mtambo ndiye wa kwanza kuona swali ambalo halijajibiwa.

Turudi kwa kijana wetu wa Chiromo. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, yaani 64,000 kwa shahada nzima ya miaka minne. Mfumo mpya wa mwaka 2023 ulibadilisha hayo na umepelekwa mahakamani, lakini nambari ile ya zamani ni kipimo kizuri. Kwa maana shahada peke yake haifungui mlango wa chumba cha seva. Waajiri wanauliza vyeti. Mtihani wa CCNA wa Cisco ni dola 300. Cheti cha kwanza cha Linux cha LPI kina mitihani miwili ya dola 200 kila mmoja. Jumla ni dola 700. Kwa dola ya shilingi 129, hizo ni shilingi 90,300. Mitihani mitatu, ambayo kila mmoja unafanywa kwa muda usiofika asubuhi nzima, inazidi ada ya miaka minne ya chuo. Na CCNA inaisha muda wake baada ya miaka mitatu.

Sasa mshahara. Nitatumia shilingi 100,000 kwa mwezi. Sisemi ndiyo bei ya soko, ila ni nambari ambayo kila msomaji anaweza kuipandisha au kuishusha mwenyewe. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unakata 4,320, bima ya afya ya SHIF 2,750, ushuru wa nyumba 1,500. Zinabaki 91,430 za kutozwa kodi ya mapato ya PAYE: asilimia 10 ya zile 24,000 za kwanza, 25 ya 8,333 zinazofuata, 30 ya zilizosalia. Ukiondoa nafuu ya 2,400, kodi ni 19,812. Mkononi zinafika 71,618. Mwajiri naye anaongeza 4,320 za NSSF, 1,500 za nyumba na 50 za tozo ya mafunzo ya NITA, hivyo mtu huyo anamgharimu 105,870 kwa mwezi. Watu watano, miezi kumi na miwili: shilingi 6,352,200.

Ishike nambari hiyo. Tutaihitaji.

Akiamua kutafiti, analipa kwa njia nyingine. Uzamili ni miaka miwili, uzamivu mitatu kwa uchache. Akiiacha kazi ya 71,618 ili asome kwa miaka hiyo mitano, amekosa shilingi 4,297,080 kabla hajalipa ada. Wengi hawathubutu. Wanasoma jioni, huku seva zikiwaita. Uzamivu wa miaka mitatu unageuka wa miaka saba au minane, na msimamizi wa tasnifu anadhani mwanafunzi ni mvivu.

Tatizo linakaa hapa hasa. Vyuo vikuu vya umma vina ngazi mbili zisizokutana. Wahadhiri wako katika chama cha UASU, wanapandishwa vyeo kwa machapisho, na vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliufanya uzamivu kuwa sharti la kuitwa mhadhiri. Wasimamizi wa mifumo wako katika chama cha wafanyakazi wasiofundisha, KUSU, na upande huo makala ya kisayansi hayampandishi mtu hata kidato kimoja. Anayefanya yote mawili anapimwa kwa nusu ya kazi yake, popote atakaposimama. Nchini Uingereza watu wa aina hii walikutana Machi 2012 wakajipa jina la cheo, mhandisi wa programu za utafiti, na vyuo kadhaa vikaunda nafasi zenye jina hilo na mishahara yake. Kwetu nafasi hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Hata ngazi zilizopo zina maumivu yake: mwaka 2025 vyuo vikuu vya umma vilikuwa na mgomo wa siku 49, kuanzia Septemba 17, kwa deni la shilingi bilioni 7.9 la mkataba wa 2017 hadi 2021. Mtu akisubiri haki yake miaka minne baada ya mkataba kuisha, usishangae akihesabu hatua za kutoka Chiromo hadi majengo ya vioo ya Westlands.

Kwa wasiowahi kuingia chumba cha seva, niwaonyeshe usiku mmoja wa kawaida. Hifadhi ya data ina diski 48. Kampuni ya Backblaze, inayochapisha takwimu za diski zake, iliripoti kwamba mwaka 2024 asilimia 1.57 ya diski zilikufa. Kwa diski 48, hiyo ina maana kwamba mwaka wowote uwezekano wa angalau moja kufa ni zaidi ya nusu, asilimia 53. Basi imekufa, saa nane usiku. Taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka, ujumbe unafika kwenye simu. Hakuna faili iliyopotea, kwa sababu diski zimepangwa kwa namna ambayo zilizobaki zinaweza kuijenga upya iliyokufa. Ila kujenga upya diski ya terabaiti 16 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde kunachukua sekunde 106,667, karibu saa 30. Ikiwa mpangilio ni ule wa bei nafuu unaovumilia kifo kimoja tu, basi kwa saa 30 hizo diski ya pili ikifa, vyote vimekwenda. Zile nyingine zilinunuliwa siku moja, zimefanya kazi saa zilezile, na sasa zinasomwa mfululizo kuliko wakati wowote wa uhai wao. Msimamizi halali. Anapunguza mzigo, anasimamisha kazi za wanafunzi, anahakikisha chelezo ya jana ipo na inafunguka. Asubuhi hakuna anayejua kilichotokea, kwa sababu hakuna kilichopotea. Ripoti ya mwaka haina safu ya mambo ambayo hayakutokea.

Na stima? Mwaka 2023 pekee Kenya ilipata giza la nchi nzima mara tatu: Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Huduma inayoahidi kupatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka ina ruhusa ya kulala saa 8 na dakika 46 kwa jumla. Ya asilimia 99.99 ina dakika 53. Ya 99.999 ina dakika 5 na kidogo. Usiku mmoja kama ule wa Agosti unaweza kuimaliza ruhusa ya kwanza yote. Safaricom, jirani wa Muthangari, inajua maana ya kiwango cha juu: mitambo yake ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya Aprili 2015, na mwaka 2025 ilitangaza uwezo wa miamala 6,000 kwa sekunde. Dakika moja ya kusimama kwa kiwango hicho ni miamala 360,000. Kwa hiyo kampuni hulipa watu wa zamu bila kubishana. Kwenye utafiti dakika hiyo haina bei iliyoandikwa, na kisicho na bei hakipati mlinzi.

Ipo hoja ninayoisikia kila mara, kwamba tatizo letu ni mashine. Tupewe mashine, sayansi itakuja. Tuitazame kwa mfano wa lugha yetu wenyewe. Watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya Kencorpus, hazina ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya yenye matini 4,442 za maneno milioni 5.6, na rekodi 1,152 za sauti zenye saa 177. Ni kazi kubwa, ninaiheshimu sana. Lakini ipime kwa diski. Saa 177 za sauti ya kawaida ya utafiti, sampuli 16,000 kwa sekunde za biti 16, ni gigabaiti 20.4. Nakala tatu ni gigabaiti 61. Maneno milioni 5.6 hayafiki megabaiti 50. Hazina nzima inaingia kwenye flashi inayouzwa kwenye barabara ya Luthuli. Kupitia mstari wa megabiti 10 inapita kwa saa nne na nusu. Kwa modemu za kilobiti 56 tulizokuwa nazo kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, ingechukua siku 34. Kuhifadhi na kusafirisha kumekuwa rahisi mno. Sasa hesabu mikono. Kuandika saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa, tuseme kwa saa tano za kusikiliza na kurudia, kungefanya saa 177 ziwe saa 885 za kazi, wiki 22 za mtu mmoja. Kisha awepo wa kuzipa faili majina yasiyogongana, wa kulinda siri za waliohojiwa, wa kuhakikisha miaka kumi baadaye bado zinafunguka. Gharama ni watu.

Mashine zenyewe zinasema vivyo hivyo. Kadi ya H100 ya Nvidia, inayotumika kufundisha miundo ya akili mnemba, imekuwa ikiuzwa kwa dola 30,000 hivi, shilingi milioni 3.87. Inakula hadi wati 700. Ikiwaka mwaka mzima ni yuniti 6,132, na kwa shilingi 25 kila yuniti bili ni 153,300, bila kuhesabu kupoza chumba. Au unaweza kuikodi kwenye wingu. Tuchukue dola 3 kwa saa. Mwanafunzi wa uzamivu anayehitaji saa 300 atalipa shilingi 116,100, zaidi ya mshahara wa mkononi wa mwezi mmoja na nusu wa mtu wetu. Bora kununua, basi? Dola 30,000 zinanunua saa 10,000 za kukodi. Kadi inayofanya kazi asilimia 70 ya mwaka inazirudisha ndani ya miezi 20. Kadi inayofanya kazi asilimia 20 inahitaji miaka 5 na miezi minane, na kufikia hapo imepitwa na wakati.

Kati ya 20 na 70 kuna mtu. Kadi haikai bure kwa kukosa wanafunzi. Inakaa bure kwa sababu mmoja ameishika akaenda kulala na programu yake imekwama. Kwa sababu toleo jipya la programu limevunja la zamani na hakuna wa kulirekebisha. Kwa sababu stima ilikatika Ijumaa jioni na mtambo haukuwashwa hadi Jumatatu. Kwa sababu profesa mmoja anaiona ni yake. Msimamizi anayejua utafiti anaweka foleni ya kazi, kwa programu kama Slurm, anaweka ukomo wa muda, anamwonyesha mwanafunzi jinsi ya kuhifadhi hatua ili kazi ikikatika iendelee palipoishia. Lazima awe na vichwa viwili. Mhadhiri peke yake hana muda wa kufanya hivyo, na fundi asiyejua swali la utafiti hawezi kuamua kazi ya nani ikae mbele.

Pointi hizo 50 za asilimia ni saa 4,380 kwa mwaka kwa kila kadi. Kwa dola 3, ni dola 13,140, au shilingi 1,695,060. Seva moja yenye kadi nne inatoa shilingi 6,780,240. Toa stima ya ziada ya saa hizo, shilingi 306,600, zinabaki 6,473,640. Watu watano wa zamu kamili, kwa mshahara niliouchukua, walikuwa 6,352,200. Seva moja yenye kadi nne, ikitunzwa vizuri, inawalipa wote watano na kubakisha zaidi ya laki moja. Badilisha dhana zangu ukitaka. Weka ukodi wa dola 2 na utahitaji kadi saba badala ya nne. Weka mshahara wa 150,000 na utahitaji seva ya pili. Umbo la jibu halibadiliki: mtambo bila mtu ni hasara yenye namba ya usajili.

Fedha zinaweza kutoka wapi? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilisema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Pato hilo lilizidi shilingi trilioni 16 mwaka 2024. Asilimia 2 ni zaidi ya bilioni 320. Timu ya watu watano katika kila kimoja cha vyuo vikuu vya umma, tuseme 40, ni shilingi milioni 254, chini ya sehemu moja ya elfu ya kile ambacho sheria iliahidi.

Lakini kijana anayemaliza Chiromo mwaka huu hawezi kusubiri bunge. Akiitwa kwenye usaili wa kazi ya utafiti na seva, aulize mambo machache kabla hajatia sahihi. Simu ya usiku inapokewa na nani mwingine mbali naye, na saa hizo zinalipwa vipi? Akitengeneza mfumo ambao makala kumi zimeutegemea, jina lake litaandikwa wapi? Diski za akiba ziko ngapi kabatini leo? Mitihani ya vyeti inalipwa na nani? Akitaka kusoma uzamivu, atapewa siku ngapi za wiki, kwa maandishi? Na katika bajeti ya mradi ulionunua mashine, mstari wa mtu wa kuitunza uko ukurasa gani, na ni wa miezi mingapi?

Akiambiwa mstari huo upo na ni wa miezi 36, achukue kazi. Akiambiwa mashine imeshafika na mtu ataonekana, ajue mtu anayezungumziwa ni yeye, na saa ni zote 168.